Masanduku ya michezo: maneno tuliyosema kwenye mkutano

Bamama, babaa, vijana, na ninyi wafadhili mnaotusoma mbali: leo tunaongea juu ya kartoni.

Scrabble ya Kifaransa iko na herufi 102. Yetu ilibaki na 88. Kati ya E 15 tulikuta 9, na bila E Kifaransa hakiendi. Tukamsema vibaya mama anayelinda depo. Kumbe kona ya sanduku ilipasuka, herufi zilikuwa zinaanguka moja moja nyuma ya magunia. Tulimuomba musamaha nyumbani kwake. Tunamuomba tena hapa mbele yenu wote.

Sasa tunatengeneza vyumba vidogo ndani ya masanduku. Kartoni ya sabuni inatosha. Pima ndani, si inje, halafu upunguze milimita 2, maana kartoni nayo iko na unene. Vipande vinavyopishana, kila kimoja ukipasue mpaka nusu, vitaingiana bila gundi. Chini tunapaka uji muzito wa muhogo na kuanika juani siku nzima. Ukibaki mubichi, mende watashukuru.

Kazi yote iko kwenye urefu: kuta zifike pale ubao unapolala, ubao ndio unafunika. Mara ya kwanza tulizikata fupi, sanduku likapanda pikipiki likiwa limesimama, kete za ludo na za dama zikafika zote pamoja.

Masanduku 3 yameisha, 5 yanangojea. Mwenye kartoni nzima asiichome, ailete Jumamosi. Na makasi pia: zetu hazikati tena.