Nyumba za Uhindini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya historia ya mji wa Iringa. Mimi si mwanahistoria, ni fundi wa ujenzi niliyestaafu. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikizungumza juu ya mtaa mmoja tu, Uhindini, ule tuliokuwa tukiuzunguka kila Jumamosi ya ruhusa tukitafuta sabuni na maandazi.

Vijana wengi hudhani mji wetu ni wa kale sana. La hasha. Ya kale ni Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini, ambako Mtwa Mkwawa alikuwa na ngome yake ya mawe iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Hata jina la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Mji huu wa juu ya kilima Wajerumani waliuanzisha mwaka 1896, Mkwawa mwenyewe akiwa bado hai na akiwahangaisha porini. Hakufa mpaka Julai 1898. Jengo la Boma mnalolijua ni la wakati wao. Lilikuwa hospitali, likawa ofisi za serikali, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Kama hamjaingia, ingieni.

Nyuma ya askari walifuata wenye maduka. Nyumba za Wahindi walizojenga zilikuwa na mpango mmoja, na fundi yeyote akiuona anauelewa. Mbele ni baraza iliyoinuliwa ili maji ya masika yasiingie dukani, na bati la paa limesogezwa mbele likishikwa na nguzo za mbao. Duka lina milango miwili au mitatu ya mbao inayokunjwa. Nyuma ya duka ni vyumba vya familia, kisha ua wenye jiko na tangi la maji ya mvua. Juu, kwenye ukuta wa mbele unaoficha paa, mwenye nyumba aliyejiweza aliandikisha jina lake na mwaka wa kujenga kwa chokaa iliyochongwa. Cherehani ilikaa barazani. Kaptula zangu za kidato cha kwanza zilishonwa kwenye baraza moja karibu na ule mnara wa saa wa jamatkhana ya Waismailia, na fundi aliyezishona alinikopesha mpaka baba alipouza pareto.

Nilikuwa kidato cha nne Aprili 1971 serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Tulishangilia, sitaficha, sisi wa bweni letu tuliimba mpaka taa zikazimwa. Kodi za nyumba mijini zilikuwa zikiwatesa watu, na watu wachache walikuwa na nyumba nyingi. Lakini sasa, baada ya kushika mwiko miaka 40, naona jambo ambalo hatukulijua. Nyumba zilizochukuliwa ziliingia chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba yenye mwenyewe ndani yake huzibwa bati siku ileile linapovuja. Nyumba ya mpangaji husubiri barua. Sisemi kosa ni la nani. Nasema maji ya mvua hayasubiri barua.

Tena mafundi nasi tuliziumiza. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa matofali laini na udongo, zikapigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu ukautoa tena, kama mtu atokavyo jasho. Sisi tulikuja na saruji, tukaifunika kuta nzima kwa sifa kuwa ni imara. Saruji ikafunga unyevu ndani, na baada ya misimu kadhaa tofali likawa unga nyuma ya lipu nzuri. Nimefanya hivyo Iringa, nikafanya na Mbeya nilikohamishiwa baadaye. Mbeya nako kuna Uhindini yake, changa kuliko ya kwetu, kwa kuwa mji ule ulikua kwa dhahabu ya Lupa miaka ya 1920 na 1930. Biashara kubwa ilipoteremkia Mwanjelwa kwenye barabara kuu, mtaa wa juu ulipata nafuu kidogo: aliyetaka ghorofa alilitaka kule chini.

Sasa niseme lililonileta. Mwaka 1994 nilikuwa msimamizi wa kazi ya kubomoa nyumba moja ya mtaa wetu, ili lijengwe duka jipya. Juu ya ukuta wa mbele palikuwa na jina na mwaka. Nilimwambia kijana apige nyundo, akapiga. Vifusi vilienda kujaza shimo la barabara. Miaka michache iliyopita akaja mama mmoja kutoka Kanada, mjukuu wa aliyejenga, akiwa na picha ndogo ya barazani: watoto watano na mbwa. Akaniuliza nyumba ilijengwa mwaka gani. Mimi niliyesimama chini ya mwaka ule siku tatu nzima nikipiga hesabu ya tripu za vifusi, sikuweza kumjibu. Alinishukuru kwa adabu, akapiga picha ya duka jipya.

Mtasema sheria ipo. Ipo, ya mwaka 1964, lakini jengo linalolindwa nayo moja kwa moja ni lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo Iringa hii haikuwapo! Kwa hiyo hakuna hata nyumba moja ya Uhindini inayolindwa kwa umri wake. Mpaka Waziri aitangaze kwa jina. Na kutangazwa peke yake hakushiki ukuta: Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyomo katika Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa.

Sikuja kuomba fedha, Mwenyekiti, usikunje uso. Naomba wanafunzi 12 wa kidato cha tatu. Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi tukutane chini ya mnara wa saa. Kila wawili watachukua nyumba moja: wapime baraza, wahesabu milango, wanakili kila herufi iliyoandikwa juu, na wapige picha kwa simu ya mwalimu. Wenye nyumba na wapangaji nimekwisha kuzungumza nao. Mmoja tu amekataa, naye nitamrudia. Kalamu na karatasi mje nazo. Ngazi ninayo.