Wafundisheni Kabla ya Miaka 18

Nyinyi mnaofundisha madrasa na shuleni, mtoto asisubiri meza ya kitambulisho ndiyo imuulize, "Babu yako alitoka wapi?"

Mwambieni Kibra ni neno la Kinubi, yaani msitu. Wanubi waliletwa kama askari wa Mwingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado wajukuu zao waliitwa wageni. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi wetu, walitambuliwa 2023 tu.

Halafu mfungulieni Katiba, kifungu cha 14: siku uliyozaliwa, mama au baba akiwa Mkenya, basi wewe ni Mkenya. Hakuna palipoandikwa jina wala kabila. Akilijua hilo, hatanyamaza.