Juu ya nini ekipe yetu inakaa nyuma
Maneno ya kocha mbele ya mkutano wa wanachama



Nimeombwa nijibu neno moja. Baada ya ule mchezo wa 0-0, mzee mmoja aliniita pembeni: "Kocha, mipira tulinunua, jezi tulinunua, juu ya nini vijana wanakaa nyuma kama watu wenye woga?" Nikamwambia, Mzee, ngoja mkutano.

Tuanze na kitu tunachokijua wote. Tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikutana na Internacional ya Brazil, nusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Trésor Mputu hakuwako, FIFA ilikuwa imemfungia. Wabrazili walishambulia sana, Kidiaba anaokoa tu. Dakika ya 53 Kabangu akapata nafasi, akafunga. Dakika ya 85 Kaluyituka akaongeza la pili. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ile. Kwenye fainali Inter ya Milano ilitupiga 3-0, na hiyo tuiseme pia. Watu wanamkumbuka Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Mimi nawaambia vijana: tazameni wale waliokuwa mbele yake.

Sasa sisi. Tunajipanga 4-4-2. Tukipoteza mpira, ile mistari miwili ya watu wanne inakaribiana, hatua kumi na tano hivi, ili mtu wao akipokea mpira katikati asipate pa kugeukia. Tunawaacha wapite pembeni, kwa sababu pembeni goli liko mbali. Mabeki wa pembeni hawapandi wote wawili kwa mara moja. Namba 6 anafunga njia ya katikati, hata kama moyo unamvuta mbele. Kazi yake ni ngumu na hakuna anayempigia makofi. Mmoja wa washambuliaji anashuka kumsumbua namba 6 wao. Mwenzake anabaki juu, karibu na beki wao wa mwisho.

Tukiunyang'anya mpira, pasi ya kwanza iende mbele. Si kando, si kwa kipa. Watu wa pembeni wanakimbia hapo hapo, na kwa pasi tatu ao nne tuwe tumefika golini, wenzetu bado wanarudi.

Kwa nini hivyo? Mwanzoni tulicheza wazi, tukapigwa 5-1, halafu 4-0. Vijana wetu wanashinda shambani, mazoezi ni mara mbili kwa juma. Hawawezi kumkimbiza mtu dakika 90. Tangu tubadilishe, katika michezo mine tumefungwa goli mbili tu.

Lakini Mzee ana haki kwa sehemu moja. Ile 0-0 ilikuwa kosa langu. Niliwaambia watu wa pembeni warudi sana, basi tukipata mpira yule wa mbele alikuwa peke yake kama mlinzi wa usiku. Hiyo tumeanza kuirekebisha.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Kijana wetu wa beki ya kuume alikuja kwangu, anataka kuacha. Kila akifika nyumbani wanamwuliza: "Ulifunga goli?" Akisema hapana, wanacheka. Mtoto huyu mchezo uliopita alimzuia winga wao mwenye mbio kuliko wote, hata krosi moja haikupita. Akiondoka, sina mwingine. Baba zake na mama zake mko hapa. Nawaomba, mwulizeni: "Yule wa pembeni alipita?"

Mchezo wa kurudiana ni Jumapili, saa tisa. Mipira ya mazoezi imebaki miwili, na mmoja unapoteza upepo.