Sikio Linauma, Kumbe ni Taya

 

Je, umewahi kuumwa karibu na sikio, ukatia dawa ya matone, na maumivu yasiishe? Huenda shida ni kiungo cha taya. Weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua mdomo polepole. Pale panaposogea ndipo kilipo.

Maumivu haya yaliwatatiza hata madaktari. Mwaka wa 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kuwa baadhi ya waliolalamikia masikio walikuwa na shida ya kiungo hiki. Hapo alisaidia. Lakini alidhani chanzo ni kupotea kwa meno. Kwa miaka mingi baadaye, wagonjwa walichongwa meno ili yakutane vizuri, ingawa utafiti haujathibitisha kwamba kufanya hivyo huponya.

Katika miaka ya 1950 wataalamu walianza kuchunguza misuli ya kutafunia. Miaka ya 1980 mashine ya MRI ikaonyesha kisahani laini kilicho ndani ya kiungo. Hata hivyo, watu wasioumwa pia walikutwa na kisahani kilichohama. Kumbe picha peke yake haitoshi!

Ndipo mwaka wa 1992 watafiti wakatoa utaratibu mmoja wa kupima, ukarekebishwa mwaka wa 2014. Daktari hukuuliza maswali, hupima kwa rula jinsi mdomo unavyofunguka, na hubonyeza misuli na kiungo. Kisha anauliza: "Maumivu haya ndiyo yale unayoyajua?" Jibu lako ni sehemu ya kipimo. Atauliza pia kuhusu usingizi na mawazo uliyo nayo. Si kwamba anakuona unajisingizia. Dhiki huongeza maumivu ya kweli.

Kwa hivyo mama, kabla hujakubali kung'olewa au kuchongwa jino ili taya ipone, uliza: "Daktari, umepima misuli na kiungo changu?" Taya ikilia tu bila kuuma wala kukwama, kwa kawaida haihitaji matibabu. Ikiuma, kula vyakula laini kwa siku chache, weka kitambaa chenye joto, na usiume meno.

Mtoto akilia sikio, usiseme ni taya. Mpeleke apimwe sikio kwanza.

Na tahadhari: taya ikikaza baada ya jeraha, au mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya akashindwa, huenda ni pepopunda. Taya ikiuma pamoja na kubanwa kifua, huenda ni moyo. Usingoje kesho, kimbia hospitali.

 Mweleze na jirani.