Malori Hayalali: Kupima na Kupanga Uwekezaji wa Nyumba Barabarani Lusahunga

Ukifika Lusahunga kutafuta kiwanja, dalali atakuambia kabla hujashuka kwenye bodaboda: "Hapa malori hayalali." Anasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Mizigo ya Bandari ya Dar es Salaam iendayo Rwanda hupita hapa kuelekea Rusumo, kilomita 92 mbele. Lakini mwenye gesti halipwi na lori linalopita. Analipwa na dereva aliyelala. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kaa pale siku tatu, mojawapo iwe Jumapili, na saa sita usiku uhesabu malori yaliyozima injini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gesti ya vyumba 12, kila chumba shilingi 15,000, imegharimu milioni 96 pamoja na kiwanja. Vyumba 6 vikilaliwa kila usiku, mwezi unaingiza milioni 2.7. Toa milioni 1.1 ya mlinzi, mhudumu, maji, umeme na sabuni: inabaki milioni 1.6, na fedha yako inarudi kwa miaka mitano. Sasa vilaliwe vyumba 4. Mapato ni milioni 1.8, matumizi hayapungui kwa sababu mlinzi halipwi kwa idadi ya wageni, inabaki laki saba. Miaka mitano imekuwa zaidi ya kumi na moja. Vyumba viwili tu! Na kama ulikopa na marejesho ni milioni 1.2 kwa mwezi, kila mwezi unachomoa laki tano mfukoni.

Je, vyumba viwili vinaweza kupotea? Eneo hili linajua jibu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na Benaco, kwenye barabara hii hii, ikageuka mji. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa Rwanda, na wateja wakaondoka nao. Siku hizi kinachohamisha wateja hakina kishindo hicho: kituo cha ukaguzi wa pamoja wa malori kikiwekwa Nyakanazi, kabla ya kufika hapa, dereva anapanga kulala Nyakanazi.

Kuhusu ardhi, anza na futi kamba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Pima mwenyewe, usipimiwe na muuzaji. Ukikuta nyumba ina alama ya X ya kuvunjwa, angalia rangi, maana nyekundu na ya kijani hazina maana moja kwenye fidia. Halafu uliza kama eneo limepimwa au ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Ikiwa ni ya kijiji, karatasi mliyoandikishiana na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji haitoshi. Kinachotakiwa ni muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoidhinisha. Mke au mume wa muuzaji naye aridhie kwa maandishi. Wanunuzi wengi huona aibu kumwita mama mwenye nyumba aje kusaini. Aibu hiyo ni ghali.

Maoni yangu ni kwamba mgeni asiye na uhakika na wateja asinunue. Akubaliane na mwenye ardhi: mgeni ajenge na kuendesha kwa miaka kadhaa, mwenye ardhi abaki na ardhi yake, na makubaliano hayo yapitishwe na halmashauri ya kijiji. Pango liwe na sehemu mbili: kiasi kidogo kisichobadilika, na asilimia ya mapato. Mwezi wa vyumba 4 wote wawili wanakaza mkanda. Mwezi wa vyumba 9 wote wanacheka. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango iandikwe nani anaibeba, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Daftari la wageni lisomwe na pande zote kila Jumamosi.

Na masharti ya siku ya kukabidhi, miaka hiyo ikiisha, yaandikwe sasa, wakati bado mnakunywa chai pamoja: kisima ni cha nani, tangi la maji linabaki au linang'olewa, magodoro yanahesabiwa vipi, na funguo 12 anapewa nani, mbele ya nani.