Namba, Mwaka na Masizi

Leo nataka tufikiri juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mtaliona kuwa ni mchezo wa watoto. Nataka tuziangalie injini ndogo za gari la moshi, zile zinazowekwa mezani na kuendeshwa kwa umeme mdogo.

Katika nchi ya Uingereza, ambako gari la moshi lilianzia, wako watu wazima wengi, wenye mvi na wajukuu, ambao jioni baada ya kazi huketi mezani na injini kama hiyo. Kipimo kinachopendwa zaidi huko ni kile ambacho futi moja ya injini ya kweli huwa milimita 4 tu. Kwa hiyo injini kubwa ya futi 70 huwa sentimita 28. Hata rula ya mwanafunzi ni ndefu kuliko hiyo.

Mtu huyu huinunua injini yake dukani ikiwa imekwisha kupakwa rangi na inang'aa. Wewe na mimi tungeiweka juu ya reli zake tukafurahi. Yeye, kwanza huifungua. Vile vyuma vyembamba vya kushikia, ambavyo pengine kiwandani vimefinyangwa tu kama tuta juu ya plastiki, huvikwangua kwa kisu kikali. Kisha kwa keekee ndogo ya mkononi hutoboa matundu ya nusu milimita, akapitisha waya wa shaba mahali pake. Makaa ya plastiki huyaondoa, akasaga kipande cha makaa ya mawe ya kweli na kuyabandika kwa gundi. Namba iliyochapwa kiwandani huifuta polepole, akaweka nyingine. Jioni nyingi hupita kabla injini moja haijakwisha.

Mtauliza, kwa nini mtu mzima ajisumbue hivyo? Sababu ni hii, ndugu zangu. Kiwanda kimetoa maelfu ya injini katika kalibu moja, zote sawasawa. Lakini mtu huyu hataki injini yoyote tu. Anataka injini ile moja, labda ile aliyoiona akiwa mtoto, amesimama kando ya reli na baba yake. Kwa hiyo kabla hajashika kisu hujiuliza maswali mawili. Ni namba gani? Na ni mwaka gani?

Swali la pili ni muhimu kama la kwanza. Chukueni injini mashuhuri iitwayo Flying Scotsman. Ilitoka katika kiwanda cha Doncaster mwaka 1923, na namba yake ilikuwa 1472. Mwaka 1924 ikawa 4472. Mwaka 1947 ilibadilishwa na kuwekewa boila ya nguvu zaidi. Reli kubwa zilipokuwa mali ya serikali mwaka 1948, ikapewa namba 60103. Rangi yake ya kijani ikawa buluu kwa muda, kisha ikawa kijani kilichoiva. Mwaka 1959 ikapata bomba la moshi la matundu mawili, na mwaka 1961 ikawekewa mabati mawili mbele ili moshi usimzuie dereva kuona. Mwaka 1963 ikastaafu. Basi, mtu akitengeneza injini ya mwaka 1924 na kuibandika mabati yale ya 1961, kazi yake inaweza kupendeza sana machoni, lakini ni uongo. Mwaka 1924 hakuna aliyeiona hivyo.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Baada ya kazi yote hiyo, injini ikiwa safi na ya kupendeza, mtu huyu huichafua! Huchukua unga wa chaki nyeusi akaupaka juu ya boila kama masizi. Huweka kutu kidogo huku, na kule michirizi meupe ya chokaa, kwa kuwa maji ya boila yakivuja na kukauka huacha chokaa. Wala hapaki ovyo. Hutazama picha za zamani aone majivu yaliangukia wapi, na mchochea moto alikanyaga wapi alipopanda. Pale palipong'aa kwa kushikwa na mikono kila siku, huacha pang'ae. Injini iliyovuta mizigo miaka thelathini haiwezi kuwa na uso wa injini ya dirishani mwa duka.

Wako hata makasisi wa kanisa letu la Kianglikana waliopenda kazi hii. Kasisi Wilbert Awdry, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1997, ndiye aliyewaandikia watoto hadithi za injini Thomas. Yeye naye alitengeneza reli ndogo na kuzionyesha kwa watu. Aliudhika sana mchoraji wa vitabu vyake alipoichora injini ile ile namna moja katika ukurasa huu na namna nyingine katika ukurasa ule. Mwingine, Kasisi Peter Denny, alijenga reli ndogo ya mji wa Buckingham kama ungalivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20, na injini zake akazitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Sisi nasi hapa Kenya tulikuwa na injini zetu. Zile kubwa za daraja la 59 zilijengwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja yenye uzito wa tani zipatazo 250, zikapanda na mizigo kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Zote zilikuwa za namna moja. Hata hivyo kila moja ilipewa namba yake na jina la mlima wake. Namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nanyi mkiitengeneza ndogo yake, msiiwekee makaa! Injini zile ziliwaka kwa mafuta. Mwenye kuipenda atalijua hilo.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, wapenzi wasikilizaji. Upendo hutazama. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama, lakini wengi wetu tuna macho na bado inatupasa kuambiwa. Tunasema "wajane", tunasema "wafanyakazi", tunasema "vijana wa siku hizi", kana kwamba wote wametoka katika kalibu moja. Baba, unajua karo ya mtoto wako ni shilingi ngapi. Je, unajua anaogopa nini anapokwenda shule asubuhi?

Tena tunakosea mwaka. Yuko ndugu kijijini aliyekuwa mlevi zamani. Ameacha pombe, analima, analisha watoto wake. Lakini sisi tunapomtaja bado tunampaka rangi ya mwaka ule. Huyo tunayemsema hayupo tena, na huyu aliyepo hatujamtazama.

Na masizi je? Kijana amepata kazi mjini. Rafiki zake wanakuja kumtembelea nyumbani, naye anamwambia mama yake abaki jikoni, kwa maana nguo zake zinanuka moshi na mikono yake imepasuka. Ewe kijana, moshi ule ndio uliokusomesha. Mama alikaa mbele ya moto ule akikaanga mandazi ya kuuza, senti kwa senti, mpaka ukapata kalamu na cheti. Usiyafiche masizi yake. Mtoe nje umketishe kitini, uwaambie wageni: huyu ndiye mama yangu.

Injili ya Yohana inatuambia kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Hawaiti kwa kundi. Ikiwa mtu aweza kukesha jioni nyingi ili kipande cha chuma kisisemewe uongo, je, sisi hatuwezi kumpa mwenzetu hata robo saa ya kumtazama vizuri?

Basi juma hili, chagua mtu mmoja tu wa nyumbani mwako. Mwulize habari zake za mwaka huu, usimwulize za zamani. Kisha nyamaza, umsikilize.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.