Sukari Inayoliumiza Kongosho

Msikilizaji, wauguzi wa kliniki za kisukari wanaujua mchezo huu. Siku chache kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mgonjwa anaacha soda, chai anainywa bila sukari, usiku anakula mchicha na kipande cha samaki. Asubuhi anatobolewa kidole, mashine inasoma 6, anatabasamu. Kisha anatolewa damu ya mkononi kwa ajili ya kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, na majibu yanarudi asilimia 10. Ameumbuka.

Kilichomuumbua ni himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake. Sukari ikizidi kwenye damu huganda kwenye protini inazokutana nazo. Chembe nyekundu zinazobeba himoglobini huishi takriban siku 120, kwa hiyo soda za mwezi uliopita bado zinasomeka. Kemia yenyewe ni ileile inayolipa andazi rangi ya kahawia kwenye karai, pale sukari na protini ya unga zinapokutana na moto; Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Mwilini joto ni nyuzi 37 tu, basi kazi huenda polepole, lakini haina mapumziko. Mwaka 1968, mjini Tehran, daktari Samuel Rahbar alikuwa akichunguza himoglobini za watu, akaona aina moja imezidi kwa wenye kisukari. Kipimo tunachokijua leo kilianzia hapo. Niseme haraka: mwenye siko seli, ambaye chembe zake nyekundu hufa mapema, kipimo hiki kinaweza kumsomea chini ya hali halisi. Amkumbushe daktari wake.

Himoglobini hufa na kubadilishwa. Protini za lenzi ya jicho hazibadilishwi, na zile za kuta za mishipa ya damu hukaa miaka na miaka. Huko sukari iliyoganda hugeuka kuwa kitu kigumu kisichobanduka. Ndiyo maana zile chupa za mitishamba zinazouzwa stendi, eti zinaosha sukari mwilini, mimi huzipita bila kugeuka.

Kwa kawaida kisa husimuliwa hivi: insulini imepungua, sukari imepanda, protini zimeharibika, macho na figo na miguu vimeumia. Ni kweli, ila kisa hakiishii hapo. Protini zilizoharibika zinaligeukia kongosho lenyewe.

Insulini hutengenezwa na seli za beta, zilizo kwenye vijisehemu vidogo vya kongosho alivyoviona Paul Langerhans mwaka 1869. Seli hizi zina kinga hafifu dhidi ya kemikali kali zinazozaliwa ndani ya seli yenyewe. Protini zenye sukari zinapojishika kwenye vipokezi vya seli ya beta, kemikali hizo huongezeka, na seli inashindwa kumwaga insulini ya kutosha hata inapoona sukari imepanda. Hata insulini yenyewe, ambayo nayo ni protini, huweza kugandwa na sukari ingali ndani ya seli, ikatoka na nguvu pungufu. Ushahidi mwingi wa hatua hizi umetoka kwa panya na seli za maabara, na kwa binadamu kuna mengine: urithi, unene, mafuta kwenye ini. Lakini mzunguko unaeleweka. Sukari inaiumiza seli, seli inatoa insulini kidogo, sukari inapanda tena.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli ya "sukari yangu bado ndogo, dawa nitaanza ikizidi". Utafiti mkubwa wa Uingereza, ulioanza mwaka 1977 na kufuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili, ulikadiria kwamba siku mtu anapoambiwa ana kisukari, uwezo wa seli zake za beta umeshashuka karibu nusu. Anayesubiri, anaisubiri ile nusu iliyobaki.

Kuna na hofu ya sindano. Kwetu mtu akiandikiwa insulini, ndugu huanza kunong'onezana kama wako msibani. Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifanya kinyume: wagonjwa wapya 382 wa aina ya pili waligawanywa, wengine wakaanzishiwa vidonge, wengine insulini moja kwa moja, kwa sindano au kwa pampu. Sukari ilipokaa sawa kwa wiki mbili, dawa zote zilisimamishwa. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na sukari nzuri bila dawa yoyote walikuwa karibu asilimia 27 ya waliopewa vidonge, asilimia 45 ya waliochomwa sindano na asilimia 51 ya waliotumia pampu. Seli zao zilikuwa zimechoka, hazijafa zote, na zilipopunguziwa sukari mapema zilirudi kazini.